Kaunta ya Mzee: Bunduki nne za Baba, na nani aseme bei

Anayejibu safu hii alifanya kazi miaka mingi katika duka la silaha katikati ya jiji la Dar es Salaam, kwanza kwenye meza ya fundi, baadaye kwenye kaunta. Sasa amestaafu, yuko Kinondoni, na bado hapendi kuulizwa bei kwa simu.

Shikamoo Mzee. Baba yetu ana miaka 81 na macho yamepungua. Enzi zake alikuwa mpima ardhi wa serikali, alizunguka karibu nchi nzima, na alichopenda ni bunduki. Amebakiwa na nne, zote zina leseni, ziko kwenye sefu hapa nyumbani Upanga. Ameamua ziuzwe akiwa hai ili tusije tukagombana. Kuna .416 Rigby yenye darubini, shotigani ya Webley & Scott ya mitutu miwili ndani ya sanduku lake la ngozi, BRNO ndogo ya .22, na moja nzee iliyoandikwa Westley Richards, ambayo hajaipiga siku nyingi kwa kuwa risasi zake hazipatikani. Hiyo aliinunua kwa Mzungu wa Idara ya Wanyamapori aliyekuwa anaondoka nchini. Rafiki yake wa zamani mwenye duka la silaha ametoa shilingi milioni sita kwa zote nne, na anasema ile ya Westley anaichukua kama chuma chakavu, kumpunguzia Baba mzigo tu. Mtoto wa kaka yangu naye ameona intanetini Rigby ya .416 imeuzwa zaidi ya dola 20,000, anasema huyo rafiki ni mwizi. Anataka tuzipeleke kwanza kwa fundi zipigwe weusi upya zing'ae. Picha nimekutumia. Nani mkweli hapo? — Kitinda mimba, Upanga

Marahaba mwanangu. Baba naye mpe shikamoo yangu, amenizidi umri.

Nianze na huyo kijana na fundi wake, maana hilo ndilo linaloweza kuharibika kesho asubuhi. Asiziguse. Mtu akisugua bunduki nzee ili aipige weusi upya, anakula herufi zilizochongwa, anaviringisha pembe za chuma zilizokuwa kali, anapanua matundu ya skrubu, na mihuri ya kiwandani inabaki kama maandishi ya sabuni iliyooshwa. Mnunuzi anayejua akiona herufi zimefifia na chuma kinang'aa, swali lake la kwanza ni: hapa kilifichwa nini? Weusi uliochakaa kwa kushikwa na mikono ya mtu ni jambo la kawaida na lina bei yake. Weusi mpya juu ya vidonda vya kutu vilivyosawazishwa kwa msasa hauna bei, una mashaka. Kitambaa laini na mafuta mepesi vinatosha, na anayepangusa awe Baba mwenyewe, kwa sababu leseni ni yake.

Sasa picha. Mwanangu, hiyo .416 si Rigby.

Tazama tena picha yako ya tatu. Ubavuni imeandikwa BRNO, chini yake Made in Czechoslovakia, halafu kwenye mtutu ndiyo .416 RIGBY. Hilo neno la mwisho ni jina la risasi. Kampuni ya John Rigby ya London iliitoa risasi hiyo mwaka 1911, ikapata sifa, na viwanda vingine vikatengeneza bunduki zinazoipiga. Kuvaa jezi ya Simba hakujamfanya mtu yeyote kuwa mchezaji wa Simba. Aliyoiona kijana intanetini huenda ilikuwa Rigby ya London yenyewe, ya kabla ya Vita ya Pili, na za namna hiyo katika .416 zilitengenezwa chini ya 200. Ya Baba imetoka kiwandani huko Chekoslovakia, ni ya aina waliyoiita ZKK 602, kazi imara sana, na kwa vile nchi hiyo iligawanyika tarehe 1 Januari 1993, hata maandishi yenyewe yanakwambia haiwezi kuwa ya baada ya hapo.

Msisononeke lakini. Kwa soko la hapa nyumbani, hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Anayewinda nyati au tembo kihalali anatakiwa awe na bunduki ya .375 (huo ni upana kwa inchi) au zaidi, na wawindaji wa kulipwa wanaipenda .416 kwa kuwa inarusha risasi ya gramu 26 hivi kwa mwendo wa mita 700 na ushee kwa sekunde, na risasi zake bado zinatengenezwa. Bunduki yenye risasi ina wanunuzi. Mimi nikipewa hizo nne nizipange kwa pesa ya Dar es Salaam, hiyo peke yake naipa zaidi ya nusu ya jumla yote.

Ila picha haioni nitakayotaka kuyaona. Bunduki za nguvu hii hupasua mbao. Ufa huanzia nyuma ya komeo, kile chuma unachokivuta kuingiza risasi, pale mbao inapokutana na chuma, mwembamba kama unywele, na kwa kawaida umejaa mafuta meusi kiasi kwamba mwenyewe hajawahi kuuona. Kitako kilichopasuka hapo ni hesabu nyingine kabisa. Pili, darubini imefungwa vipi? Bunduki za ZKK zina reli za kiwandani juu yake za kushikia darubini. Kama kuna fundi aliyetoboa matundu mapya kwenye chuma ili aweke vishikio vyake, hapo thamani imepungua na hairudi. Na kama ni ya matoleo ya mwanzo, nyuma kuna kilengeo kidogo kinachoinuka chenye tundu. Wengi walikitoa wakakipoteza. Muulize Baba. Huenda kiko kwenye kopo la misumari.

Webley & Scott ndiyo, kwa macho yangu, inayotaka uaminifu mkubwa kuliko zote, kwa sababu ni nzuri kutazama. Nimeona watu wakilipia sanduku la ngozi na bitana yake nyekundu, bunduki yenyewe hawakuigusa. Hii kampuni ilikuwa Birmingham na iliacha kutengeneza shotigani huko mwaka 1979, kwa hiyo yoyote iliyotoka huko ina umri. Mthamini anatakiwa kuifungua vipande vitatu. Kwanza achukue mitutu peke yake, aining'inize kwa kidole kwenye ndoano ya chini, aigonge taratibu kwa ukucha. Mitutu mizima hulia kama kengele. Ikitoa sauti ya kukwaruza, ujue ule utepe unaoishikanisha umeachia mahali, na maji yamekwisha ingia. Kisha airudishe bila ile mbao ya mbele, ashike kitako, atikise. Ikicheza, bawaba imelika. Aielekeze dirishani na kutazama pale mitutu inapokutana na uso wa chuma: mwanga usipite.

Halafu asome mihuri iliyo chini ya mitutu. Uingereza kila bunduki inayouzwa hupigwa kwanza kwa risasi ya nguvu kupita kiasi katika nyumba maalumu za majaribio, London au Birmingham, ndipo ikagongwa mhuri. Mihuri hiyo inataja upana wa mtutu siku ilipopimwa, na mara nyingi urefu wa chemba, pale ganda la risasi linapokaa. Shotigani nyingi za Kiingereza za zamani zina chemba ya inchi mbili na nusu, wakati risasi za siku hizi za dukani ni za milimita 70, yaani inchi mbili na robo tatu. Ganda refu linaingia bila shida, ndiyo hatari yake. Likifyatuka linakosa nafasi ya kufunguka na msukumo unapanda. Kwa hiyo mthamini asiyetaja urefu wa chemba hajathamini, amepamba. Na mtutu uliosuguliwa ndani na mafundi kuondoa kutu ukazidi upana wa mhuri kwa sehemu kumi za elfu moja za inchi, huko kwao unahesabika umetoka nje ya mhuri na hauruhusiwi kuuzwa hivyo. Hapa kwetu hakuna atakayekukamata kwa hilo. Muuzaji mkweli atalitaja hata hivyo, maana atakayeiweka begani ni mtoto wa mtu.

Sanduku lenyewe lina pesa, lisiuzwe kando, pamoja na fimbo za kusafishia na kile kichupa cha mafuta kama bado kipo. Lakini bunduki isilale humo. Ngozi kwenye hewa ya Upanga, bahari ikiwa karibu vile, inavuta unyevu na kuushikiza kwenye chuma usiku na mchana. Mitutu mingi niliyoipokea yenye vipele vya kutu upande mmoja tu ilikuwa imelazwa ubavu kwenye sanduku zuri la ngozi.

Ile BRNO ya .22 sina mengi. Inauzika haraka, bei ya wastani, angalieni mdomo wa mtutu kama haujalika kwa fimbo ya kusafishia. Basi.

Sasa njoo kwenye chuma chakavu.

Picha yako ya saba ina ukungu, ila nimeona maneno mawili yaliyonifanya nivae miwani: Accelerated Express. Westley Richards ni kampuni ya Birmingham tangu 1812, na maneno hayo waliyaandika kwenye bunduki zao za .318, risasi waliyoileta karibu na 1910 na iliyotembea Afrika nzima kabla ya vita. Bell, yule mwindaji wa tembo wa Karamoja, aliitumia. Umesema kweli kwamba risasi zake hazipatikani hapa. Kynoch, waliokuwa wakizitengeneza kwa wingi, waliachana na kazi hiyo zamani, na hata anayejaza maganda yake mwenyewe anasumbuka, kwa sababu, licha ya jina lake, upana wa risasi hiyo ni inchi .330, na si wa kawaida. Kwa mwindaji wa Dar, bunduki isiyolishwa haina kazi. Hapo bei yake ya hapa ni ndogo kweli, na mtu akitaja kiasi kidogo hajakudhulumu.

Ila kusema ndogo ni jambo moja, kusema chakavu ni jambo jingine. Ng'ambo kuna watu wanaoitafuta hiyo hiyo, na ikiwa nambari za komeo na za mwili zinalingana, mbao haijakatwa, mtutu haukubadilishwa, kati ya hizo nne ndiyo yenye uwezekano wa kuzipita nyingine zote kwa bei. Mtu aliyekaa dukani miaka yote hiyo analijua hilo. Nisingemwita mwizi. Ningemuuliza tu, kwa sauti ya chini, mbele ya Baba: chakavu unainunulia nini?

Mambo mawili yatawasaidia kwenye hiyo Westley. Kampuni kubwa za bunduki za Uingereza zilitunza madaftari ya kila bunduki iliyotoka, na kwa nambari iliyo kwenye chuma unaweza kuandikiwa barua inayosema ilitengenezwa mwaka gani, kwa risasi gani, ikapelekwa kwa nani. Wanatoza ada, lipeni. Jambo la pili liko nyumbani kwenu. Yule Mzungu wa Idara ya Wanyamapori alikuwa nani? Kama kuna barua ya mauzo, kitabu cha leseni cha zamani, picha yoyote aliyopiga ameishika, hivyo ni sehemu ya bunduki. Kaa na Baba jioni akiwa na nguvu, andika anachokumbuka, kila bunduki na ukurasa wake: ilinunuliwa wapi, kwa nani, ilitengenezwa nini, fundi gani aliigusa. Asaini. Kumbukumbu ya mzee aliye hai ikiwa kwenye karatasi ina bei. Mwezi mmoja baada ya mazishi, maneno hayo hayo mkiyasema nyinyi yatakuwa maneno ya wauzaji tu.

Kuhusu zile dola za intanetini. Kijana aangalie kwanza kama ile ni bei iliyoombwa au iliyolipwa. Mtu yeyote anaweza kuomba. Hata iliyolipwa mnadani ina mambo yake: mnunuzi huongezewa ada ya mnada juu, mara nyingi robo ya bei au zaidi, na muuzaji hukatwa kamisheni chini. Kwenye mia iliyogongwa nyundo, mnunuzi katoa mia na ishirini na kitu, muuzaji kapokea themanini na kitu. Toa hapo usafiri wa silaha, ambao haubebwi na kila ndege, bima, vibali vya kutoka hapa, vibali vya kuingia kule, na mwenye leseni wa kupokea upande wa pili. Kwa bunduki moja, faida inaweza kuliwa yote njiani. Ndiyo maana nasema msubiri barua ya madaftari kabla ya kuamua. Nyingine tatu zinaweza kuuzwa bila kuingojea.

Ulichoniuliza hasa ni nani mkweli. Milioni sita siwezi kuisema ni haki au dhuluma, kwa sababu sijazishika, na yeyote atakayekutajia bei ya bunduki kwa picha za simu mkimbie. Ninachoweza kusema ni kwamba bei moja kwa vitu vinne ni namna ya kufunika. Mwambieni mzee wa watu aandike bei nne, kila bunduki na yake, na mbele ya kila bei aandike kasoro aliyoiona. Kama ni mkweli atafanya hivyo dakika kumi na atakuwa hata amefurahi, maana kazi yake itaonekana. Akisema "zote kwa pamoja au basi", mmepata jibu mlilokuwa mnalitafuta.

Halafu tafuteni mthamini wa pili mwenye leseni ya biashara ya silaha, mlipeni ada iliyotajwa mapema kwa kiasi kamili, na mwambieni kabla hajafungua sefu kwamba hatakuwa mnunuzi, yeye wala ndugu yake. Asilimia msimpe. Mthamini anayelipwa kwa asilimia atapandisha, na mthamini anayenunua atashusha. Wote wawili nimewaona wakiapa kwa Mungu. Karatasi yake iwe na safu mbili kwa kila bunduki, bei ya kuuza hapa ndani ya miezi michache, na bei ya kungoja mnunuzi hasa. Zikitofautiana sana, aeleze kwa nini.

Na Baba. Najua atakuja kusema Webley ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu ndiyo nzuri na pengine ndiyo aliyowindia kanga akiwa kijana. Usibishane naye kwa karatasi ya mthamini. Kile anachokitaja ni cha kwake, mnunuzi hatakilipa na hapaswi kukilipa. Lakini ikiwa kati yenu kuna anayetaka kweli kubaki na hiyo shotigani, aanze kuomba leseni kwa jina lake sasa, na thamani yake ikatwe kwenye fungu lake. Mkiyamaliza mezani leo, hamtayakuta kwenye mirathi.

Sheria mnayoijua, ila niirudie kwa sababu kuna mtu ataruka hapa: chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, leseni ni ya mtu, haihami na bunduki. Anayenunua aombe na apewe kibali chake kwanza, polisi wajue, ndipo mali ikabidhiwe. Wewe usiziweke kwenye buti ya gari kuzipeleka popote, hata kama ni mtaa wa pili. Mthamini aje Upanga, au Baba mwenyewe aende nazo kwa utaratibu mtakaopewa na ofisi ya OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Na zile risasi nzee za .318, kama zipo kwenye maboksi yake ya Kynoch, msizipige kujaribu. Zile za zamani zilikuwa na fataki inayoacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi inavuta maji, na kwa hewa hii mtutu uliosalimika miaka yote hiyo unaweza kuota kutu ndani ya usiku mmoja. Boksi likiwa zima, litajwe kwenye orodha.

Mzee habari za kazi. Jirani yangu hapa Mbagala ananiuzia Mauser ya zamani kwa milioni mbili. Anasema babu yake aliitoa kwenye meli ya Wajerumani, Königsberg, kule Rufiji, kwa hiyo ni ya kihistoria na haihitaji leseni. Mimi nataka niitundike ukutani sebuleni kama pambo. Bei ni ya haki? — Mpenda historia, Mbagala

Ndugu yangu, swali la bei hatujalifikia.

Bunduki inayoweza kupiga ni silaha, hata ikiwa ukutani katikati ya picha ya harusi na kalenda ya benki. Umri wa chuma hauiondoi kwenye sheria. Jirani yako hana karatasi, na wewe ukiishaipokea tatizo linahamia kwako pamoja na milioni mbili zinazohamia kwake. Kwa hiyo usilipe, hata "kishika uchumba".

Kwa kuwa umesema unapenda historia, nikupe hiyo bure. Königsberg ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe Rufiji mwezi Julai 1915 baada ya kupigwa na Waingereza, na kilichopata sifa kilikuwa ile mizinga yake kumi ya sentimita 10.5, waliyoitoa wakaiburuta nchi kavu na kupigana nayo. Bunduki za mkononi zilikuwapo, ndiyo, lakini leo kila Mauser kuanzia Utete hadi Kilwa eti imetoka Königsberg. Meli ingelikuwa imebeba bunduki zote hizo ingezama yenyewe kabla ya kufika.

Vita ilipoanza 1914, kombania nyingi za askari wa Wajerumani hapa bado zilikuwa na Mauser ya 1871, ya milimita 11, inayotumia baruti nyeusi. Ukiipiga inatoa wingu jeupe la moshi, adui anajua ulipo. Ya kisasa zaidi ya wakati huo ilikuwa ya 1898, isiyotoa moshi ule, na nyingine ziliingia mwezi Aprili 1915 kwa meli iliyopenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Hivyo swali la kwanza la mthamini ni: ipi kati ya hizo? La pili: ina alama gani? Bila alama inayoonyesha ilikuwa ya jeshi la koloni, una Mauser tu, na Mauser za aina hiyo zilitengenezwa kwa mamilioni na kuzunguka dunia nzima. La tatu: nani ameandika habari za huyo babu, lini? Hadithi ya kaunta bei yake ni sifuri. Nimesikiliza nyingi, baadhi nilizipenda sana, hakuna niliyoiongezea shilingi.

Kwa hiyo hata ingekuwa na leseni, unachouziwa kwa milioni mbili ni maneno. Na bunduki ya kijeshi haina njia rahisi ya kuingia kwenye leseni ya raia.

Jirani mwenyewe mshauri vizuri, maana inawezekana kweli aliirithi na hana nia mbaya. Aende polisi, aeleze. Mara kadhaa miaka ya karibuni serikali imetangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Asikilize kingine kikitangazwa, ila asikae anakingoja. Akiwa anaamini ina historia, awaambie polisi hapo hapo na awaandikie Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, akitaja alama zote zilizo kwenye chuma. Wewe ukitaka pambo la vita ile, nenda Posta ukapige picha Sanamu ya Askari. Imesimama pale tangu 1927, bunduki mkononi na singe yake, na haihitaji leseni.

Shikamoo baba. Mume wangu amefariki mwezi uliopita. Ameacha shotigani yenye leseni kabatini na risasi kama arobaini. Shemeji anataka aichukue aende nayo shambani kwake Morogoro, eti akipata mteja mzuri atatuletea pesa tugawane. Naogopa kukataa, naogopa kukubali. — Mama wawili, Kigamboni

Marahaba binti yangu, pole sana kwa msiba.

Kataa. Na usione aibu, mwambie Mzee wa Kaunta ndiye aliyekataa. Leseni ya marehemu imekwisha naye, na kuanzia hapo hakuna mtu katika familia mwenye haki ya kuibeba hiyo bunduki, wala kuiuza, mpaka polisi wajue. Shemeji akikamatwa nayo Chalinze, mtakuwa na kesi juu ya msiba.

Nenda kituo cha polisi ukiwa na cheti cha kifo na leseni ya marehemu, bila bunduki. Waeleze iko wapi, nao wakuambie itachukuliwaje. Wakija kuifuata nyumbani ni bora zaidi. Kabla haijaondoka mwombe anayeichukua aandike kwenye hati ya mapokezi aina yake, nambari iliyo kwenye chuma, idadi ya risasi alizozihesabu mbele yako, na hali ya bunduki yenyewe: kutu ipo au haipo, mbao nzima au imepasuka. Piga picha ikiwa mikononi mwao. Stoo yoyote ina unyevu, na siku ya kuthamini utataka kuonyesha ilivyokuwa ilipotoka kwako. Kisha msimamizi wa mirathi akishateuliwa na mahakama, yeye ndiye ataomba iuzwe kwa mwenye kibali, bei iandikwe, na pesa iingie kwenye mirathi pamoja na vingine vyote, kwa wanao wawili na kila anayestahili.

Kama shemeji anaihitaji kweli, na nguruwe wa Morogoro na mahindi nawajua, aombe leseni kwa jina lake na ainunue kwa bei ya mthamini kama mnunuzi mwingine yeyote. Punguzo la undugu mtapatana wenyewe.